Waya wa Spika wa Kujitengenezea: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Waya mnene ndio mzuri." Hili ndilo lililonigharimu. Nilinunua hapa Kisumu mita kumi za waya wa spika, mnene kama kidole cha mtoto. Nyumbani nikauchuna, nikakwaruza uzi mmoja kwa wembe. Wekundu ukatoka, ndani weupe mtupu: alumini iliyopakwa shaba. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 61 ya uwezo wa shaba, na hukatika upesi ikikunjwa. Unene wa ganda haupigi muziki. Sasa huomba kipande dukani nikikwaruze kabla sijalipa.

"Waya wa stima hauwezi kutumika kwa spika." Unaweza, mradi uwe wa shaba, wa nyuzi nyingi. Chukua wa milimita mraba 1.5, mita 5 kutoka kwenye ampli (kikuza sauti) hadi kwenye spika. Upinzani wake, kwenda na kurudi, ni kama omu 0.12. Kwa spika ya omu 8 hiyo ni asilimia 1.5 tu. Spika ikiwa ya omu 4, au sebule ikiwa ndefu, panda hadi 2.5.

"Basi waya wowote unafaa popote." La! Waya unaotoka kwenye simu au deki kuingia kwenye ampli hubeba umeme mdogo sana, na ampli hukuza kila kitu kilichodandia humo, pamoja na mvumo wa stima yetu ya hezi 50. Hapo lazima kebo yenye wavu wa shaba unaouzunguka waya wa katikati. Waya wa katikati unalehemiwa kwenye pini ya plagi, wavu kwenye pete yake ya nje.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Uzi mmoja wa wavu ukigusa pini, upande huo unanyamaza kabisa. Sokota wavu kwanza, uupake risasi ya kulehemu, ndipo uunganishe. Pasha moto chuma cha pini na waya wenyewe, kisha risasi iyeyukie juu yake. Kiungo kizuri hung'aa na kutandaa kikishikamana na chuma, si kukaa kama tone la maji juu ya jani la nduma. Kikifubaa na kuwa na madonge, rudia.

Plagi zilizopakwa dhahabu? Dhahabu haipitishi umeme vizuri kuliko shaba. Faida yake ni kwamba haipati kutu, na karibu na ziwa hilo si jambo dogo. Mishale ya "mwelekeo" kwenye waya ipuuze, kwa sababu umeme wa muziki huenda na kurudi mara nyingi kila sekunde.

Usichopaswa kupuuza ni chanya na hasi. Spika moja ikigeuzwa, besi ya zote mbili inamezana. Weka benga yenye gitaa zito la besi, sikiliza ukiwa katikati ya spika. Zima ampli, badilisha nyaya za spika moja tu, hakikisha hakuna nyuzi zinazogusana, kisha washa tena. Kule besi inakojaa ndiko kuliko sawa.