Kabla ya kusema "ni ya ukoo": vinasaba, dawa na sonona kwa wazee wenye magonjwa sugu

Kwenye kliniki za kisukari na presha kuna kauli mbili zinazofunga mazungumzo kabla hayajaanza. Ya kwanza ni "uzee huo". Ya pili husemwa kwa sauti ya chini: "kwao wako hivyo". Mzee ameacha kula, usiku halali, msikitini au kanisani haendi tena, sindano ya insulini anaiona mezani na kuiacha. Familia, kwa mapenzi yake yote, inamwacha apumzike kwa kuwa inaamini hali hiyo imo damuni na haina dawa. Nataka kuizungumzia kauli hii ya pili. Ina ukweli ndani yake, ila ukweli wenyewe umekaa mahali ambapo familia nyingi hazijafikiria kuutafuta.

Vinasaba vya binadamu ni mfululizo wa herufi zipatazo bilioni 3, na ndani yake kuna jeni karibu 20,000, yaani vipande vyenye maagizo ya kuujenga na kuuendesha mwili. Watu wawili wowote duniani wanalingana kwa takriban 99.9%. Sehemu ndogo inayobaki ina mamilioni ya tofauti, nyingi hazina madhara yoyote, na baadhi zinachangia nani apate kisukari, nani presha, nani sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Tafiti za pacha zimekadiria mchango wa urithi katika sonona kuwa kama 37%. Takwimu hiyo inapotoshwa mara kwa mara. Haina maana kwamba mtoto wa mwenye sonona ana uwezekano wa 37% wa kuugua, wala kwamba theluthi ya huzuni yako umeirithi kwa mama. Inapima tofauti baina ya watu wengi kwa pamoja, basi. Na hata tukiisoma hivyo, sehemu kubwa zaidi inatoka kwenye maisha: maumivu, ufukara, kufiwa, upweke, maradhi.

Kuna kisa katika historia ya sayansi hii ambacho kila mwenye kutishwa na "damu ya ukoo" anastahili kukijua. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifuatilia maisha ya watu waliozaliwa Dunedin, New Zealand, walitangaza kwamba wenye umbo fulani fupi la jeni ya kusafirisha serotonini, kemikali ya ubongo, walizama kwenye sonona kwa urahisi zaidi wanapopatwa na misukosuko. Habari ilienea dunia nzima. Mamia ya tafiti yakafuata, zikiwemo nyingi juu ya wagonjwa wa moyo, kiharusi na kisukari. Kisha mwaka 2019 ukafanyika uchunguzi wa jeni 18 zilizotajwa sana kuhusiana na sonona, ile ya serotonini ikiwemo, safari hii kwa takwimu za mamia ya maelfu ya watu. Hakuna hata moja iliyoonekana kuwa na uzito zaidi ya jeni iliyookotwa kwa bahati. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2025, wenye takwimu za watu zaidi ya milioni 5 kutoka nchi 29, umepata takriban tofauti 700 za vinasaba zinazohusiana na sonona. Kila moja inasukuma kidogo sana. Hakuna jeni ya sonona, na kipimo cha mate kinachouzwa mtandaoni kwa ahadi ya kukuambia kama mama yako "atachanganyikiwa" hakistahili pesa ya mtu anayehangaika kununua vipande vya kupimia sukari.

Maradhi sugu yenyewe yana uzito ulio wazi zaidi. Mwenye kisukari ana uwezekano wa takriban mara mbili wa kupata sonona akilinganishwa na asiye nacho, na sonona nayo huvuruga sukari: mtu anaacha dawa, anaacha kutembea, anakula ovyo au hali kabisa. Baadhi ya tofauti za vinasaba zinazochangia sonona zinachangia pia maradhi ya moyo na kisukari, kwa hiyo si ajabu kuyakuta katika ukoo mmoja, hata katika mtu mmoja.

Hapo ndipo mjadala wa urithi huishia kwa kawaida. Mimi naona sehemu yenye manufaa kwa mzee wa leo ndiyo kwanza inaanza, nayo ni dawa.

Dawa nyingi tunazomeza huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya ini, yaani protini zenye kazi hiyo, ili mwili uweze kuzitoa. Kimoja kinaitwa CYP2D6. Kinashughulikia dawa kadhaa za sonona, dawa za maumivu kama kodeini na tramadoli, na baadhi ya dawa za moyo na presha kama metoprololi. Jeni inayokitengeneza inatofautiana mno kati ya mtu na mtu. Wapo wenye nakala za ziada, dawa nyingi zinapita mwilini kabla hazijafanya kazi. Wapo ambao kimeng'enya chao ni kivivu. Fikiria pipa linalomiminiwa kikombe kimoja cha maji kila jioni: kama bomba la kutolea ni pana, pipa halijai, kama ni jembamba, siku ya kumi maji yanamwagika sakafuni, na hakuna aliyeongeza kikombe.

Afrika ndiko tofauti hizi zilikojaa zaidi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta takriban 29% ya Wahabeshi waliopimwa wana nakala za ziada za jeni ya CYP2D6, kiwango kikubwa kuliko cha Ulaya kwa mbali. Mwaka huohuo watafiti walieleza umbo jingine kutoka Zimbabwe, linaloitwa namba 17, linalopunguza kasi ya kimeng'enya. Umbo hilo ni la kawaida kwa watu wa Afrika, Watanzania tukiwemo, na kwa Wazungu ni nadra. Lakini vipimo vya dozi vilivyoandikwa kwenye vitabu vyetu vilitokana zaidi na majaribio ya Ulaya na Marekani.

Nieleze inavyoonekana chumbani. Bibi wa miaka sabini na kitu, kisukari cha muda mrefu, nyayo zinamwaka moto usiku. Anapewa amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona ambayo kwa dozi ndogo hutuliza maumivu ya neva. Kidonge kilichopo kwenye dirisha la dawa ni cha miligramu 25, anameza kimoja kila usiku. Siku za mwanzo analala vizuri, nyumba nzima inafurahi. Wiki ya pili mdomo umekauka, choo hakipatikani, mkojo unatoka kwa shida. Kisha anaamka usiku wa manane akimwita mumewe aliyefariki zamani, na asubuhi anaanguka akienda uani. Binti yake ananiambia huku akifuta machozi, "Daktari, hii ni ya kwao. Mama mdogo naye aliishia hivihivi." Namwamkia mama, ananijibu "marahaba mwanangu" lakini hajui leo ni siku gani. Tunampima sukari, tunahakikisha hana maambukizi kwenye mkojo wala malaria, tunaisimamisha ile dawa. Siku chache baadaye anauliza nani anamlishia kuku wake.

Na yule mama mdogo? Tukiuliza taratibu, mara nyingi tunakuta naye alikuwa na presha au kisukari, naye alikuwa akimeza dawa kadhaa. Huenda kilichorithiwa katika ukoo kama huo ni ini lenye kutoa dawa polepole, na hilo linatibika kwa kubadili kidonge. Nasema huenda, kwa sababu hospitali zetu nyingi hazina kipimo cha CYP2D6, na kwa mzee figo dhaifu na wingi wa dawa vinaweza kuleta tafrani ileile bila jeni yoyote kuhusika. Tiba ya kwanza ni moja kwa vyovyote: kuanza na dozi ndogo, mathalani miligramu 10, kupandisha polepole, na kumtazama mgonjwa kila hatua.

Wanaoishi na VVU wana kisa chao, na leo wengi wao ni wazee. Kwa miaka mingi walikunywa efavirenzi ya miligramu 600 kila usiku. Dawa hiyo huvunjwa na kimeng'enya kiitwacho CYP2B6, na umbo la jeni linalokipunguza kasi limeenea Afrika kuliko Ulaya. Wenye nakala mbili za umbo hilo walibaki na dawa nyingi mno katika damu. Kizunguzungu, ndoto za kutisha, huzuni isiyo na sababu, hata mawazo ya kujiua. Wangapi waliambiwa wamelogwa, au wanamlilia marehemu kupita kiasi? Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dolutegraviri iwe chaguo la kwanza, na nchi zetu zimehamia huko. Hiyo nayo huwanyima baadhi ya watu usingizi, kwa hiyo ukiona hivyo muulize mhudumu wako kama unaweza kuihamishia asubuhi. Usiiache.

Dawa pia huzuiana zenyewe kwa zenyewe. Fluoksetini, dawa nzuri na ya bei nafuu ya sonona, inakifunga CYP2D6 kwa wiki kadhaa, hivyo mtu aliyezaliwa na kimeng'enya chenye kasi anageuka kuwa mwenye kasi ndogo. Akiwa anatumia metoprololi, mapigo ya moyo yanaweza kushuka sana akahisi kizunguzungu na uchovu, na uchovu huo ukadhaniwa kuwa sonona inazidi. Fluoksetini ikichanganywa na dawa za presha za kukojoza, chumvi ya sodiamu inaweza kushuka kwenye damu ya mzee hadi akachanganyikiwa. Na metformini, rafiki wa wagonjwa wa kisukari, ikitumiwa kwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo huleta ganzi, usahaulifu na huzuni. Sindano za vitamini hiyo si ghali.

Ndiyo maana nawaomba jamaa wanaomsindikiza mzee wafanye jambo moja: mlete dawa zote. Zote, kwenye mfuko uleule wa rambo, pamoja na za duka la dawa, za mitishamba, na zile za jirani aliyesema "hizi zilinisaidia". Kisha mniambie habari za ukoo kwa namna nyingine. Badala ya kuniambia nani alikuwa "na kichwa kibovu" tu, niambieni nani alimeza dawa gani akazidiwa, nani alipewa kodeini akalala siku nzima, nani dawa za usingizi hazikumshika kabisa. Hizo ni habari za urithi ninazoweza kuzifanyia kazi siku hiyohiyo.

Pengo la takwimu linaniuma. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha kwamba takriban 78% ya washiriki wa tafiti kubwa za vinasaba na maradhi walikuwa na asili ya Ulaya. Wenye asili ya Afrika walikuwa kama 2%. Madhara yake tunayajua. Jeni ya APOE, umbo lake la nne, inahesabiwa Ulaya na Marekani kuwa kihatarishi kikubwa cha Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni, lakini kwa Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, uhusiano huo ulikuwa dhaifu mno. Mtu wa Dodoma au Mombasa akitafsiriwa majibu ya vinasaba kwa jedwali la London anaweza kutishwa bure. Kazi imeanza: mradi wa NeuroGAP umekusanya sampuli za wagonjwa wa akili na wasio wagonjwa Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini, Eldoret na Kilifi zikiwa miongoni mwa vituo vyake. Ukiombwa kushiriki utafiti wa namna hii, uliza sampuli itahifadhiwa wapi na nani ataitumia, na ukiridhika, kubali.

Wakati huohuo sonona ya mzee inatibika bila kusubiri maabara. Mara nyingi hatasema "nina huzuni". Atasema mwili hauna nguvu, kichwa kinawaka, moyo unakwenda mbio, ana mawazo mengi. Katika vituo vya afya tuna dodoso la Kiswahili la maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na mhudumu aliyefundishwa anaweza kulijaza naye kwa dakika chache. Tiba ya mazungumzo inafanya kazi hata kwa asiyesoma: Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mtaani kusikiliza na kusaidia kutatua matatizo kwenye benchi nje ya zahanati, na jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lenye watu 573 lilionyesha nafuu kubwa. Mpango huo umefika Zanzibar pia.

Mzee akisema amechoka kuishi, akianza kugawa vitu vyake, au akikataa chakula na dawa kwa pamoja, msimlaumu wala msimwambie anakufuru. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizi wazo. Mtu akae naye. Insulini, vidonge vya nyumba nzima, sumu ya panya na dawa za shambani vitolewe chumbani na kufungiwa, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo, ule mfuko wa dawa ukiwa mkononi.