Utenzi wa zamani hausomwi ukamalizika

Kila mara hapa maktaba lazma aje mtu aulize, naomba kitabu kitakachonibadilisha maisha, na mara nyingi anataka vile vya kuhamasisha, vya siri kumi za kufanikiwa. Vipo, tunampa. Lakini mimi humsukumia pia kijitabu cha utenzi wa zamani, na hapo ndo uso unakunjika, ah hii si ni ile ya mtihani, ama hii si ni ya wazee wa Lamu? Basi leo namwandikia huyo.

Tuchukue mmoja tuutazame vizuri. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, anamuusia binti yake. Anaanza kwa kumwita asogee karibu, achukue wino na karatasi, halafu anammiminia nasaha za dini, za kuchunga ulimi, za adabu na watu, na za mume, mume sana yaani. Kuna pahali anamwambia mumeo akilala usimwamshe, kaa hapo umpepee. Msichana wa miaka 20 akifika hapo leo anafunga kitabu kwa hasira. Mimi humwambia sawa, kasirika, ila usikirudishe bado, manake huyu mama alikuwa mjane wa Bwana Mataka, sheikh wa Siyu, mji wa kisiwa cha Pate karibu na Lamu, aliyepambana na utawala wa Sultani wa Zanzibar, na sasa yuko kitandani anajua anamwacha mtoto wa kike bila baba na pengine karibu bila mama. Soma tena ukijua hilo. Pengine utamuona mama anayempa mwanawe silaha pekee zilizokuwepo mkononi. Pengine utabaki palepale, kwamba ni kumfunga mwanamke tu. Wasomi wenyewe hawajakubaliana, kwa hivyo usiogope kuchagua upande, halafu ukishazaa binti wako urudi uone kama bado uko upande huohuo.

Ile tofauti na vitabu vya kuhamasisha naiona hapo. Kile kinakupa jibu ukurasa wa kwanza na kurasa nyingine zote ni kulirudia, huyu anakupa mtu wa kubishana naye miaka. Na nisidanganye, siamini kwamba kusoma fasihi kunamfanya mtu awe mwema, wako wasomaji wakubwa wana roho ngumu kama jiwe la tumbawe. Kinachokuja, na kinakuja polepole mno, ni kuacha kumhukumu mtu kabla hajamaliza kusema.

Al-Inkishafi, utenzi mwingine wa zamani, nayo ndo hivyo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliitunga mapema karne ya 19, mji wa Pate umeshaanguka. Ukiisoma ukiwa kijana utasema hii ni waadhi wa kuonya watu kuhusu dunia, na ni kweli. Lakini ngoja uishi kwanza, ushuhudie nyumba ya babu Mji wa Kale ikigombaniwa na ndugu wa tumbo moja mpaka inabaki na kufuli tu mlangoni, halafu urudi pale anapotaja madaka, vile vishubaka vya ukutani, yaliyokuwa yamepangwa sahani, sasa wamelala makinda ya ndege na bundi analia ndani. Hapo hutahitaji mwalimu wa kukufafanulia.

Sasa vipi utasoma. Kwa sauti! Ukisoma kimya kama meseji ya simu utachoka ubeti wa tatu. Utenzi kama ule wa Mwana Kupona una vipande vinne kila ubeti, mizani 8 kila kipande, vitatu vya kwanza vina kina kimoja na cha nne kinashika kina kinachotembea utenzi mzima, kwa hivyo sikio ndilo linalokuvuta mbele hata pale akili imekwama. Mashairi ya Muyaka bin Haji, mtu wetu wa Mvita, yaani Mombasa, aliyefariki 1840, mengi yaliponea vinywani mwa watu mpaka baadae sana katika karne hiyo Mwalimu Sikujua na mmishenari William Taylor walipoyakusanya na kuyaandika. Na Muyaka si wa kuogopa, kuna siasa za Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, na Zanzibar, kuna mapenzi, kuna kejeli, mwanzie huyo kama unapenda vijembe.

Lugha ni ngumu, ndio. Kiamu, Kiswahili cha Lamu, cha wakati ule hata mtu wa Lamu wa leo kinamsimamisha. Tafuta chapa yenye maelezo chini ya ukurasa, na neno likikushinda weka alama upite, ukirudi mwakani utashangaa nusu ya alama hazina kazi tena. Beti tano kwa siku zinatosha, zinaisha kabla feri ya Likoni haijatia nanga upande wa pili. Utenzi wa Mwana Kupona una beti mia na kidogo tu, hesabu mwenyewe, mwezi hauishi. Kama nathari ndo unaiweza, basi anza na Kusadikika ya Shaaban Robert, ilitoka 1951, mshtakiwa anajitetea barazani kwa kusimulia visa vya wajumbe sita waliotumwa pande sita na walivyopokelewa waliporudi nyumbani, ukiisoma wakati wa kampeni utaanza kuweka majina ya watu unaowajua.

Na ukiweza tafuta mwenzio mmoja, si grupu la watu mia wanaotumiana klipu, mmoja tu wa kubishana naye barazani jioni, kahawa tungu ikiwepo.