"Ni uzee tu, daktari": yanayosemwa kuhusu simbilisi mzee

Simbilisi (guinea pig) analetwa kwangu uti wa mgongo umechongoka, kidevu kimelowa udenda, na mfugaji wake hana wasiwasi hata kidogo: "Ni uzee tu, daktari. Mpe vitamini." Sentensi hiyo nimeichoka.

Uzee haukondeshi. Simbilisi anayetunzwa vizuri huishi miaka 5 hadi 8, na anayezeeka bila maradhi hupunguza mbio na kelele, lakini chakula hula. Akikonda ipo sababu, na kwa mwenye miaka 4 kwenda juu mimi huanza kuitafuta mdomoni. Ana meno 20: manne ya mbele mnayoyaona, na magego 16 ambayo si rahisi kuyaona hata mkimpanua mdomo. Yote hukua maisha yake yote, na kazi ya kuyasaga hufanywa na nyasi. Nyasi zikipungua, magego ya chini hurefuka kwa ndani mpaka yanakutana juu ya ulimi kama paa. Ulimi ukishabanwa, kumeza kunakuwa shida. Mtazame anavyokula: anaikimbilia sahani, anachukua jani, analitafunatafuna upande mmoja, linadondoka limelowa. Anachukua jingine, nalo linadondoka. Nyumbani wanasema hamu ya kula anayo, wanatulia. Kumbe anakufa njaa na chakula kiko mbele yake.

Kisha huruma inakuja kuharibu zaidi. "Hawezi kutafuna, daktari, kwa hiyo namchemshia michembe." Michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa! Hicho ni chakula chetu sisi. Ni laini, ina wanga na utamu mwingi, nyuzinyuzi chache, na jino haiwezi kulisaga. Tumbo nalo linajaa gesi. Anachohitaji ni magego yapunguzwe na daktari akiwa amelazwa kwa nusukaputi, apewe dawa ya maumivu, kisha arudi kwenye nyasi. Na jino lililokwisha kupinda hupinda tena, kwa hiyo wengine hurudi kila baada ya wiki kadhaa mpaka mwisho wa maisha yao. Ugonjwa wa kudumu ndivyo ulivyo. Msijaribu kukata meno ya mbele nyumbani kwa kikatia kucha: jino hupasuka mpaka ndani, na jipu hufuata.

Kama kuna kitu kimoja nitakachowaomba mnunue, ni mizani ya jikoni. Mpime kila wiki, mgonjwa kila siku, saa ile ile, na uandike kwenye daftari. Manyoya yanaficha mengi. Mnyama wa gramu 900 anaweza kupoteza gramu 90 na jicho lisione kitu. Hiyo ni asilimia 10, na kwangu ni dharura. Akipitisha saa 12 bila kula, usingoje kesho, maana utumbo wake ukisimama ni vigumu kuuamsha. Kama tumbo halijavimba, mlishe kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, kidogo kidogo pembeni mwa mdomo, uji wa nyasi kavu zilizosagwa laini, huku ukimtafuta daktari.

Meno si peke yake yanayosingiziwa uzee. Jike anayenyonyoka manyoya mbavuni pande zote mbili mara nyingi ana uvimbe wa maji kwenye ovari. Mkojo wenye damu, na kulia wakati wa kukojoa, vinanifanya nifikirie mawe ya kibofu. Anayekataa kutembea huenda viungo vinamuuma, au ana kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C.

Hapo kwenye kiseyeye nako kuna jibu nililolizoea: "Nampa chakula cha sungura, kina kila kitu." Sungura hujitengenezea vitamini C mwilini, simbilisi hawezi. Anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kila siku, na mgonjwa umpe kile kiwango cha juu. Kiangazi chetu cha Tabora, kuanzia Mei mpaka Oktoba, ndicho kinachowaumiza: nyasi zimekauka, zinasaga meno vizuri lakini vitamini hiyo karibu yote imekwisha. Kipande cha pera ukubwa wa kidole gumba kinamtosha kwa siku. Karoti haitoshi. Vitamini C ya kuyeyusha kwenye maji ni kupoteza hela, maana huharibika kabla hajayamaliza maji.

"Nilimpa amoksilini iliyobaki ya mtoto." Hapa sina lugha ya upole: usimpe. Amoksilini, ampisilini na penisilini zikipitia mdomoni huua bakteria wema wa utumbo wake, wabaya wakachukua nafasi na kumwaga sumu. Anaharisha, na baada ya siku chache umemzika. Zipo antibayotiki anazozivumilia. Mwachie daktari achague.

Asali ya Tabora ni nzuri sana, nami natumia. Kwa simbilisi mgonjwa ni sukari tu.

Na huyu "asiyekunywa maji kwa sababu anakula majani"? Anakunywa. Mwenye kilo moja humaliza takriban mililita 100 kwa siku, na mwenye mawe ya kibofu ndiye hasa asiyetakiwa kukaukiwa. Ila mzee mwenye viungo vibovu hawezi kuinua shingo mpaka kwenye chupa iliyotundikwa bandani. Mwekee bakuli zito la udongo, fupi, lisilopinduka, na maji uyabadilishe asubuhi na jioni.