Hofu ya kujifunza ni nini?

Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hiyo ndiyo hofu ya kujifunza: mtu hakuzaliwa nayo, bali ubongo umekifunga kitu kisichodhuru pamoja na hatari iliyotokea wakati mmoja nacho, na sasa kitu hicho peke yake kinatosha kumtetemesha.

Fikiria Mpemba aliyenusurika meli ya Spice Islander ilipozama mkondo wa Nungwi, ikitoka Unguja kwenda Pemba, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. Mlio wa injini ukibadilika, chombo kikilala upande kidogo, abiria wengine wanaendelea na mazungumzo yao. Yeye viganja vimeshatoka jasho na vidole vimeng'ang'ania ukingo wa kiti, na bado hajawaza lolote.

Anatangulia kushtuka kwa sababu ya amigdala, vifundo viwili vidogo mfano wa lozi, kimoja kila upande ndani ya ubongo. Joseph LeDoux, mtafiti wa Marekani, aliwachunguza panya waliozoeshwa kusikia mlio unaofuatwa na shoti ya umeme, akaeleza kuwa habari za hatari hufika hapo kwa njia mbili. Moja ni fupi, ya haraka, lakini haipambanui sana. Nyingine hupitia gamba la ubongo, huchelewa kidogo, na ndiyo inayotambua kwamba hili ni wimbi tu. Njia fupi ikishapiga mbiu, moyo unakwenda mbio na adrenalini, homoni inayouandaa mwili kwa hatari, inamwagika.

Lililo muhimu zaidi kwangu ni hili: hofu hiyo ikitulia, haijafutika. Kila safari ya salama kutoka bandari ya Malindi, Unguja, hadi Mkoani, Pemba, huufundisha ubongo somo la pili, na sehemu yake ya mbele hujifunza kuituliza amigdala. Somo la kwanza linabaki palepale. Ndiyo maana mtu aliyekwisha zoea boti anaweza kushikwa tena na woga baada ya miaka bila kusafiri, au akipanda chombo asichokijua. Kumwambia ajikaze, au kwamba imani yake ni ndogo, ni kumwonea.

Kukwepa bahari kabisa nako hakusaidii, maana ubongo haupati nafasi ya kulipata somo la pili. Aanze kidogo kidogo: aende bandarini akae, apande boti iliyofunga gati kisha ashuke, halafu safari fupi bahari ikiwa shwari, pamoja na mtu anayemwamini. Jinamizi na mishtuko ikizidi mwezi, amwone mtaalamu wa afya ya akili.