Ruzuku Hufuata Daftari: Neno kwa Kaya za Mtwara na Lindi Zilizomo Katika Mpango wa TASAF

Kwa miaka mingi nimefanya kazi ya ustawi wa jamii katika vijiji vya uwanda wa Makonde na vya upande wa Lindi, na hakuna swali ninaloulizwa zaidi ya hili: kwa nini jirani yangu, ambaye hali yake haitofautiani na yangu, hupokea ruzuku kubwa kuliko mimi? Wengi huamini kwamba sababu ni upendeleo. Mara nyingi nilizofuatilia mimi, sababu ilikuwa daftari. Ruzuku hukokotolewa kwa yale yaliyoandikwa kuhusu kaya, na kaya nyingi za kwetu zimeandikwa nusunusu.

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianza mwaka 2000 kwa kujenga madarasa, zahanati na visima. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao hupeleka fedha moja kwa moja kwa kaya, ulizinduliwa mwaka 2012 katika awamu ya tatu ya Mfuko, na kipindi chake cha pili kilizinduliwa mwaka 2020. Kaya huibuliwa na wanakijiji wenyewe katika mkutano wa hadhara, kisha hujaziwa dodoso kuhusu nyumba, mali na watu wake, kisha majina hurudishwa mkutanoni yathibitishwe. Utaratibu huu ni mzuri, lakini huwapita wasiokuwapo siku hiyo. Kwetu kusini, familia zisizo na kitu ndizo hasa zinazohamia shambani miezi kadhaa kwa mwaka, zikilala kwenye dungu kulinda mahindi na mpunga dhidi ya nguruwe na nyani. Zoezi likifika kijijini wakati huo, mlango wao umefungwa kwa kamba na hakuna wa kuwasemea. Ninawasihi wenyeviti wa vitongoji watume mtu mashambani kabla ya mkutano, kwa kuwa wao wanajua nani yuko wapi.

Sasa nieleze hesabu yenyewe kwa viwango vya kipindi cha kwanza, ambavyo walengwa wa siku nyingi wanavikumbuka. Kila kaya ilipewa shilingi 10,000 kwa mwezi kama ruzuku ya msingi, na kaya yenye mtoto iliongezewa 4,000. Ruzuku ya masharti ilikuja juu ya hapo: 4,000 kwa kaya yenye mtoto wa chini ya miaka mitano anayepelekwa kliniki, 2,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, 4,000 kwa kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne, na 6,000 kwa wa kidato cha tano na cha sita. Jumla haikuzidi 38,000 kwa mwezi, na malipo yalitolewa kila baada ya miezi miwili.

Chukua bibi aliyeachiwa wajukuu wanne na binti yake aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi: mmoja wa miaka mitatu, wawili wa shule ya msingi, na mmoja wa kidato cha pili. Kwa viwango hivyo, kaya hiyo ilistahili shilingi 26,000 kwa mwezi, sawa na 52,000 kila malipo. Bibi huyohuyo akiwa ameandikwa peke yake, kwa sababu alipoulizwa una watoto wangapi alijibu kwa ukweli kwamba watoto wake wote ni watu wazima, alipata 20,000 tu kila malipo. Kaya, kwa maana inayotumika katika dodoso, ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, bila kujali nani amemzaa nani. Katika jamii zetu, ambako mjukuu kulelewa kwa mama mzaa mama ni jambo la kawaida kabisa, sijui swali jingine linalowagharimu walengwa kiasi hiki. Viwango vimebadilishwa tangu wakati huo. Namna ya kuhesabu watu wa kaya imebaki muhimu vilevile.

Masharti nayo huamuliwa kwa maandishi. Mwanafunzi anatakiwa kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo za mwezi. Mtoto akihamishiwa shule ya karibu na shamba bila mabadiliko kupelekwa kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri, shule ya zamani itamwandika mtoro hata kama kila siku yuko darasani kwingine, na ruzuku itakatwa.

Kuna tatizo ambalo nililiona kwa macho. Mama mmoja alinionyesha viganja vyake: ncha za vidole zilikuwa nyeusi, laini kama zimepigwa pasi, bila mstari hata mmoja. Amebangua korosho tangu utoto, na mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi na kuibambua. Tangu mwaka 2019 laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole zikilinganishwa na zile za kitambulisho cha taifa. Mashine ilimkataa mara nne, akasajiliwa kwa jina la kijana wa jirani. Malipo yalipohamia kwenye simu, jina la laini halikulingana na jina la mlengwa, na fedha hazikufika. Mbangua korosho yeyote aliye kwenye mpango apumzishe mikono kwa wiki kadhaa kabla ya kwenda kusajili, ngozi ipate kurudi, na mashine ikikataa aombe kujaribiwa vidole vingine, hasa vya mkono asiobangulia.

Ninasisitiza haya kwa sababu ninajua fedha hizo hufanya nini. Kuanzia Januari hadi Machi, ghala likiwa tupu, mkulima asiye na akiba huuza korosho za msimu ujao kwa kangomba, yaani kwa walanguzi wanaonunua nje ya mfumo rasmi, kabla hata mikorosho haijatoa maua, kwa bei ya kutupa, na msimu wa minada ukifika Oktoba hana cha kupeleka ghalani. Shilingi 52,000 za mwezi Februari zinaweza kuokoa magunia ya mwaka mzima.

Sitaeleza kwa kirefu misaada mingine: ajira za muda, msamaha wa matibabu kwa watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wasio na uwezo wenye miaka 60 na zaidi, wala mikopo isiyo na riba inayotolewa kutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Hiyo mikopo hurejeshwa, kwa hiyo si ruzuku, na kaya isiyo na uhakika wa mlo isiharakishwe kuichukua.

Mlengwa aliyezaliwa mjukuu, aliyehamishiwa mtoto au aliyefiwa aende kwanza kwa Kamati ya Usimamizi ya Jamii ya kijiji chake, akiwa na cheti cha kuzaliwa, barua ya shule au cheti cha kifo, na aombe taarifa zake zisomwe mbele yake, jina kwa jina. Asiyejua kusoma aje na mjukuu wake wa shule. Mabadiliko yasipoonekana katika malipo mawili yanayofuata, aandike lalamiko kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri na abaki na nakala yenye mhuri.