Je, wajua kwa nini ubao hupasuka unapopigilia msumari karibu na ncha?

Umekusanya mabaki ya mbao ili uunde kisanduku cha vifaa. Unapiga nyundo mara mbili tatu, unasikia mlio mkavu, na ufa umeshakimbia kutoka kwenye msumari hadi mwisho wa ubao. Wengi husema ubao ni mbovu. Mara nyingi ubao ni mzima kabisa, ila msumari umepigwa pasipofaa.

Mti umejengwa kwa nyuzi nyembamba sana, zilizolala kufuata urefu wa shina. Kila uzi ni imara, kwa kuwa ukuta wake una selulosi, ambayo haikatiki kirahisi ukiivuta kwa urefu. Kinachoshikanisha uzi na uzi ni lignini hasa, na mshikamano huo ni dhaifu zaidi. Ndiyo maana gogo la kuni ukilisimamisha hupasuka kwa shoka moja, lakini ukilikata kwa ubavuni utatoka jasho. Msumari wenye ncha kali ni kabari kama shoka: hujipenyeza katikati ya nyuzi na kuzitanua. Ukiupiga katikati ya ubao, nyuzi hizo zinazuiwa na ubao uliobaki mbele na nyuma. Ukiupiga nchani, upande mmoja hauna kizuizi, kwa hiyo zinaachana.

Mabaki yana tatizo hili kuliko mbao mpya. Ni mafupi, hivyo karibu kila msumari huangukia nchani. Yamekauka sana, na mti mkavu haunepi kama mti mbichi. Tena maji hutoka kwa kasi zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni, kwa hiyo ncha hukauka na kusinyaa kabla ya sehemu ya kati, na vinyufa hujitokeza hapo. Vingine ni vyembamba kama unywele. Kabla ya kupima chochote, tazama ncha ya kila kipande penye mwanga mzuri, kisha kata kwa msumeno sehemu yote yenye ufa. Wanaoanza huona uchungu kupoteza sentimita chache za ubao, lakini ufa ulioachwa utaendelea tu.

Dawa ninayoipenda ni kutia msumari butu. Usimamishe kichwa chini juu ya chuma au jiwe, kisha uigonge ncha yake kidogo kwa nyundo. Ncha butu haiwezi kupita katikati ya nyuzi. Inazivunja na kuzisukuma mbele yake, na msumari unapata nafasi bila kutanua ubao. Kwa mti mgumu hilo halitoshi. Toboa kwanza kwa keekee, tundu liwe na unene wa kama robo tatu ya msumari. Misumari isikae kwenye mstari mmoja wa nyuzi, ipishanishe. Na kama ubao una urefu wa ziada, pigilia kwanza, ukate baadaye.

Kwenye pembe za kisanduku kuna jambo jingine. Msumari unaopita ubao wa kwanza na kuingia kwenye ncha ya ubao wa pili unalala sambamba na nyuzi za huo wa pili, kwa hiyo haushikwi sawasawa na hulegea upesi. Gundi nayo hufyonzwa na ncha, ikabaki kidogo mno ya kushikanisha. Weka kipande kidogo cha mraba ndani ya pembe, kisha pigilia mbao zote mbili kwenye kipande hicho, misumari ikiingia ubavuni mwake.

Na ubao uliokwisha kupasuka usiutupe haraka. Ng'oa msumari, panua ufa taratibu, ingiza gundi ya mbao mpaka ndani kabisa, kisha ubane kwa jiriwa au kamba mpaka kesho yake. Kwa kuwa ufa umefuata nyuzi, gundi inakutana na ubavu wa nyuzi na si ncha zake, na hapo hushika vizuri mno. Ukirudi kupigilia, toboa tundu jipya mbali na mstari huo.