Volti 12 Zisizobeba Mzigo

Msimu wa mvua ukianza hapa Tabora na wakulima wa tumbaku wa Urambo, Sikonge na Kaliua wakaanza kupulizia dawa, meza yangu hujaa mabomba ya mgongoni yanayotumia betri, na mengi huletwa yakiwa yamekwisha kuhukumiwa. Mwenyewe hunieleza kwamba betri ni nzima kwa sababu ameipima kwa mita akaona volti 12, kwamba moto unafika kwenye mota kwa sababu huko nako amepima akaona volti 12, na kwa hiyo mota ndiyo iliyokufa, nimbadilishie. Safari hii maelezo hayo hayo nimeyapata kwa fundi mwenzangu, mtu anayelipwa kwa kazi hii, na ndiyo maana nimeamua kuandika.

Volti 12 kamili si dalili ya uzima. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 ina seli sita, na ikiwa imejaa na imepumzika saa kadhaa baada ya kutolewa kwenye chaja, husoma kati ya 12.6 na 12.8. Ikisoma 12.0 katika hali hiyo ya mapumziko, imebakiwa na kidogo sana. Hayo nayapita haraka, kwa kuwa yameandikwa kwingi na hayaniudhi sana.

Kinachoniudhi ni imani kwamba mita ikionyesha volti 12 mahali fulani, basi umeme wa kutosha unaweza kupita mahali hapo. Mita ya kawaida ya kidijitali ina ukinzani wa ndani wa takriban megaomu 10, maana yake ikiguswa kwenye volti 12 inavuta mkondo wa kama sehemu moja tu ya milioni ya ampea. Mota ya bomba, kwa upande wake, inataka ampea mbili, tatu, hata zaidi maji yakiwa na shinikizo. Waya ulioliwa na kutu ya kijani ukabakiwa na uzi mmoja unaitosheleza mita bila shida yoyote, kisha unashindwa kabisa mota inapodai haki yake. Ni sawa na kupima nguvu ya maji kwenye mpira ulioziba nusu huku koki ya mwisho imefungwa: kipimo kitakuwa kizuri, na hutajua habari ya kizibo mpaka koki ifunguliwe.

Kwa hiyo pima bomba likifanya kazi. Tia maji safi ndani ya tangi, washa, shikilia kishikio kikiwa wazi ili mota izunguke, kisha gusa nguzo mbili za betri kwa mita. Betri iliyochajiwa vizuri itashuka kidogo tu. Ikiporomoka chini ya volti 10.5 kwa mzigo mdogo kama huo, imekwisha, au angalau seli yake moja imekwisha, na hakuna mota mpya itakayoifufua. Betri ikisimama imara, acha waya mwekundu wa mita kwenye nguzo chanya ya betri na uweke mweusi kwenye mguu chanya wa mota. Hapo hupimi tena umeme uliofika, unapima umeme uliopotea njiani. Sehemu chache za kumi za volti zinavumilika; volti moja nzima haivumiliki. Rudia upande wa hasi, ambao mafundi wengi huusahau kana kwamba umeme unakwenda tu na haurudi, kisha ukaribie hatua kwa hatua: kishikizo cha fyuzi, swichi kuu, kidhibiti cha mwendo, swichi ya shinikizo. Mahali ambapo volti inapotea ndipo penye ugonjwa.

Mota isipozunguka kabisa, uwe mwangalifu zaidi, kwa kuwa hapo ndipo mwenzangu alipokamatika. Ukikuta volti 12 kwenye miguu ya mota na mota imekaa kimya, huenda brashi za kaboni, yaani vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, zimekwisha. Lakini mota iliyokatika ndani haivuti mkondo, na bila mkondo hata waya mbovu haupotezi volti, kwa hiyo kipimo hicho kinaihukumu mota tu, hakiusafishi waya. Ichomoe mota, na mahali pake uweke taa ya breki ya gari ya volti 12 na wati 21, ambayo huvuta ampea 1.75 hivi. Ikiwaka kwa nguvu na volti zisipotee njiani, lawama ni ya mota peke yake. Ikiwaka kama kibatari, ungebadilisha mota na mteja angerudi kesho yake.

Swichi ya shinikizo inastahili maneno kadhaa. Kishikio kikifungwa, shinikizo hupanda, kiwambo cha mpira husukuma swichi ndogo, na mota hukatiwa umeme. Kila ukataji huleta cheche ndogo inayounguza midomo ya swichi, na kiwambo kikipasuka, dawa hupenya na kumalizia kazi. Kuunganisha waya zake mbili kwa sekunde chache ni kipimo halali. Kuziacha hivyo na kumrudishia mkulima bomba lisilojua kusimama si ufundi, sawa na kufunga kipande cha waya wa shaba badala ya fyuzi, na sawa na kugusanisha nguzo za betri ili kuona kama cheche ni kubwa.

Taa ya kijani ya chaja nayo haisemi kwamba betri imejaa. Katika chaja nyingi inasema tu kwamba mkondo unaoingia umepungua. Betri iliyowekwa tupu tangu msimu uliopita, sahani zake za risasi za ndani zikaota ukoko wa salfeti, hukataa mkondo mapema, na taa hugeuka kijani upesi kuliko kawaida. Wenyewe hufurahi kwamba betri inajaa haraka.

Hata kipimo cha chini ya mzigo kina mipaka yake. Hakiniambii betri itafanya kazi kwa muda gani shambani. Mbili zinaweza kusoma sawa mezani na moja ikachoka kabla ya nyingine kufika nusu ya kazi, na njia pekee ninayoiamini ni kuendesha bomba kwa maji huku nikitazama saa. Gumu zaidi ni bomba linalozima porini na kuwaka vizuri likifika kwangu. Nikilifungua, nikabadilisha swichi na likaacha kuzima, siwezi kuapa kwamba swichi ndiyo iliyokuwa na kosa, kwa sababu katika kulifungua nimevuta waya na kukaza miguu yote, na pengine hilo ndilo lililoponya. Bomba la namna hiyo ningependa kuletewa likiwa bado limezima, lisitikiswe wala kufunguliwa njiani, isipokuwa tangi lake lioshwe kwanza, maana chumba changu kina dirisha moja tu.